Kamba Iliyopakwa Nta

Kulikuwa na mrina asali mmoja. Jina lake halina kazi hapa. Nikilitaja tu mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani, nami nataka mnisikilize. Mtu huyu alikuwa na mizinga yake ndani kabisa ya msitu wa miombo, mwendo wa kutwa nzima kutoka kijijini, na kila msimu alikwenda kupiga kambi huko yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe.

Mzee Kapela ananikazia macho pale mbele, kwa kuwa amerina asali maisha yake yote na anangoja nikosee. Utanisahihisha baada ya ibada, mzee wangu. Hapa niache kwanza.

Wale wawili walikuwa hawalali chini. Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, siafu wanatoka, na mtu anayejilaza chini karibu na asali anajitafutia makubwa. Walilala kwenye machela. Sisemi ile ya kubebea wagonjwa, ingawa ni ndugu yake. Hii ni turubai pana, kamba huku, kamba kule, imefungwa katikati ya miti miwili, unapanda unaning'inia. Kwenye kila kamba, karibu na mti, wanafunga kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, siafu anayepanda mti akifika hapo anageuza. Ukiwa juu ya machela hakuna wa kukugusa.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya kamba. Kamba inatoka kwenye machela, inazunguka mti, inarudi, na ncha yake inazungushwa kwenye kamba yenyewe, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka linakuwa fundo. Fundo hili linatembea. Ukitaka machela ipande, unalisukuma kwa mkono kwenda huku. Ukitaka ishuke, unalisukuma kwenda kule. Hufungui kitu wala hukati kitu. Lakini ukishapanda ukalala, uzito wako unalibana na halisogei tena mpaka asubuhi. Kwa nini halisogei? Pale hakuna msumari, hakuna kufuli. Kamba inasugua kamba, basi, na kule kusuguana ndiko kunakomshika mtu mzima na mifupa yake yote.

Huyu shemeji, ndugu zangu, alikuwa mtu wa maneno. Zamani alikuwa utingo wa lori la tumbaku, kazi yake kufunga mizigo, na tangu siku hizo aliamini hakuna jambo chini ya jua asilolijua. Mrina akitia majani ya chai kwenye maji yanayochemka, shemeji anasema yalipaswa kutangulia. Mrina akishika njia ya kushoto, shemeji anaeleza kwa nini ya kulia ingefaa, na anaeleza mpaka wanafika. Wakiomba kabla ya kula, anasema sala ilikuwa fupi. Na msidhani kila alichosema kilikuwa kweli. Mengi alikuwa anakosea, tena anakosea kwa sauti kubwa. Una mtu wa namna hiyo nyumbani kwako? Usimtazame sasa hivi, tazama mbele.

Warina asali wana desturi yao. Kamba ya kushushia ndoo kutoka mtini huipaka nta, ipate kuteleza vizuri kwenye tawi na isioze kwa mvua. Ni desturi njema na haina kosa. Jioni moja mrina wetu akabakiwa na nta, akatazama kamba za machela yake, akaona na hizi zinastahili. Akazipaka mwanzo mpaka mwisho, akazivuta kati ya vidole, zikawa laini, zinang'aa, ukizigusa unasikia raha. Akazifurahia kweli.

Shemeji akamwambia, "Kamba inayobeba mzigo haipakwi kitu, shemeji. Hiyo itakuachia."

Mrina akafunga machela, akapanda, akalala, na usiku ule wa baridi machela haikushuka hata kidogo.

Asubuhi anarudi kutoka kunawa uso, anamkuta shemeji ameketi mchangani. Ameifungua kamba ya upande wa kichwani na anaisugua kwa mchanga, konzi baada ya konzi. Nta imebanduka, kamba imechunika, nyuzi zimesimama ovyo. Upande ule amekwisha kuumaliza, na mkono anaunyoosha kuchukua kamba ya upande wa miguuni.

"Unafanya nini?" mrina akauliza.

"Nakusaidia."

"Nani kakuomba?"

"Ungeniomba lini wewe? Hujawahi kuomba kitu tangu nikujue."

Mrina akampokonya kamba. Hasira zilikuwa zimempanda, maana jambo la kamba lilikuwa limekuja juu ya jambo la chai na jambo la njia na mengine ya misimu mingi. "Ulisema itaniachia," akamwambia. "Nimelala juu yake usiku kucha. Imeniachia?"

"Usiku kulikuwa na baridi. Ngoja kwanza nikueleze…"

"Sielezwi. Umenichosha, shemeji. Mimi sitaki msuguano kwenye kambi yangu. Chukua vitu vyako urudi kwa dada yako, mwambie nimekushindwa."

Shemeji akafungua machela yake, akaikunja. Akakunja blanketi lake, akaliweka begani, akashika njia.

Kambi ikatulia. Mrina akafunga tena machela yake, upande wa kichwani kamba iliyochunika, upande wa miguuni kamba inayong'aa. Akachemsha chai, akatia majani alivyotaka yeye, akanywa polepole akisikiliza ndege. Wapendwa, mnaijua raha ile? Raha ya nyumba iliyonyamaza kwa sababu mtu ameondoka? Inafanana sana na amani. Nimeona watu wazima wakiichukua nyumbani na kuiita amani, wakaishi nayo miaka.

Jua lilipopanda akauendea mzinga uliokuwa jirani na kambi. Siku zote mmoja alipanda na mwingine akabaki chini, ameshika kamba na kienge cha moshi. Siku hiyo chini hapakuwa na mtu. Akapanda peke yake, akafukiza, akakata masega, akajaza ndoo. Wakati wa kugeuka nyuki mmoja akamwingia jichoni, mkono ukaachia tawi, na mrina akaja chini, yeye na ndoo yake.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Aliusikia ukilia, na akajua kabla hata hajautazama. Ndoo ilikuwa imemmwagikia kifuani, asali na masega yenye majana, wale watoto wa nyuki, ndani yake, na nyuki juu. Akajiburuta kwa viwiko kuelekea kambini, na kila alipopita akaacha asali na vipande vya masega kwenye majani. Alipanda machela kwa uchungu ambao sitauelezea hapa mbele ya watoto. Akashika kamba kwa mkono mmoja kupunguza uzito, kwa mkono wa pili akasukuma mafundo, upande huu na upande ule, mpaka machela ikapanda usawa wa kifua cha mtu. Akalala. Akajiambia, hapa niko salama, nitangoja watu.

Watu gani? Hilo swali lilimjia baadaye kidogo. Hakuna aliyejua yuko wapi isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amemfukuza mwenyewe.

Siafu walikuja adhuhuri. Kwanza aliona majani yakitingishika palipodondoka masega, halafu ardhi ikawa nyeusi. Hawakuja kwa fujo. Walifuata ile njia aliyojiburuta, wakila majana kipande kwa kipande, mpaka wakafika chini ya machela ambako asali ilikuwa inadondoka kutoka kwenye shati lake. Hapo wakatandaa. Wengine wakapanda miti, wakafika kwenye vitambaa vya mafuta ya taa, wakarudi. Mrina alivuta pumzi. Kila mrina asali anajua siafu wanamfanya nini mnyama asiyeweza kuondoka, na yeye mguu wake ulikuwa hauwezi kuondoka.

Ndipo akahisi miguu yake iko chini kuliko kichwa.

Akadhani ni kizunguzungu. Akatazama fundo la upande wa miguuni, akaona linatembea. Polepole, kwa upole kabisa, linateremka kwenye ile kamba nzuri. Usiku nta ilikuwa ngumu kwa baridi. Sasa jua kali lilikuwa limeipiga tangu asubuhi, imelainika, na fundo halina cha kukamata.

Akajikunja, akalifikia, akalisukuma lirudi juu. Likarudi bila ubishi, maana kamba laini haina ubishi. Akalala. Likaanza tena kuteremka. Akalisukuma tena. Kila alipolisukuma mguu uliovunjika uligonga kingo za turubai na macho yakaingia giza, na kila alipolala fundo lilishuka zaidi ya mara iliyopita. Mikono yake ina asali, ndivyo alivyozidi kulilainisha. Akajaribu kukwangua nta kwa kucha. Ikaingia kwenye kucha na kamba ikabaki vilevile. Alihitaji mchanga, konzi moja tu ya mchanga, na mchanga ulikuwa pale chini anauona, umefunikwa na siafu.

Mnauliza, na upande wa kichwani je? Upande wa kichwani haukusogea. Ile kamba iliyochunika, ile aliyoiita imeharibika, fundo lake lilikuwa limeiuma na kutulia. Mrina aliitazama muda mrefu. Aliona aibu pale juu peke yake, aibu ya kweli, ya mtu asiye na wa kumficha.

Akaachana na upande wa miguuni. Akajivuta kuelekea kichwani, akaikumbatia ile kamba mbaya kwa mikono yote miwili, nyuzi zake zikimkwaruza shavu. Machela ikazidi kuinama mpaka ikawa amesimama zaidi kuliko kulala, na mguu mzima ameukunja, lakini uliovunjika haukunjiki. Ulikuwa unaning'inia. Akaanza kuita.

"Shemeji."

Akaita tena, kwa nguvu zaidi.

"Shemeji, nisikie."

Hakuna aliyesikia. Shemeji alikuwa ameondoka tangu asubuhi, na ni mtu mwenye miguu mirefu. Siafu wa kwanza akamshika kidole gumba. Wengine wakapanda juu ya huyo wa kwanza. Mrina akafumba macho na kuanza kuomba, na sala yake ilikuwa fupi sana.

Niwaulize. Mbele yako pana watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mpole, hakupingi, ukimwambia ondoka anaondoka, hakusumbui tena. Wa pili ni huyu shemeji. Yule mpole angekuwa wapi saa ile? Angekuwa amefika nyumbani, amekunywa uji, amekusamehe moyoni mwake kimyakimya, na wewe ungeliwa.

Mrina akasikia sauti njiani. Ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza peke yake, anajiuliza na kujijibu, na inakuja kwa kasi. Shemeji akatokea kwenye miti na blanketi lake begani, kidole kimoja kimeshainuliwa hewani.

"Kwanza kabisa," akasema, "kuna neno hukuniacha nilimalize."

Halafu akaona. Kidole kikashuka. Akatupa blanketi, akarukia mafiga ambayo bado yalikuwa na moto wa ile chai ya asubuhi, akawasha kienge cha nyasi, akazoa majivu kwenye sufuria. Akamwaga majivu mbele yake na kufagia kwa moto, siafu wakimpanda miguuni anakanyaga tu, akafika chini ya machela, akageuza mgongo. "Achia kamba," akamwambia. Mrina akaachia, akamwangukia mgongoni, na wakatoka pale mbio, wanapiga kelele wote wawili.

Walikaa mbali, kwenye mwamba. Shemeji akawa anang'oa siafu kwenye mguu wa mwenzake, mmoja mmoja, vichwa vingine vinabaki kwenye nyama.

"Ulikuwa umefika wapi?" mrina akauliza.

"Mbali. Karibu nivuke mto."

"Kwa nini umerudi?"

"Kubishana," shemeji akasema. Wala hakuwa anatania. "Ulisema kamba imekushika usiku kucha, nami nilikuwa na jibu, ukanikata. Nimetembea na hilo jibu kooni mpaka mtoni. Nikaona siwezi kuvuka nalo. Nta ya baridi na nta ya jua si kitu kimoja, shemeji. Ni hilo tu nililotaka kusema."

Mrina akalia. Mtu mzima, machozi wazi, na hakujifuta. Kisha akasema, "Sema, shemeji. Sema na mengine." Shemeji akafunga mguu kwa vijiti na vipande vya blanketi, akampakia mgongoni, na akasema njia nzima mpaka kijijini. Alieleza njia gani ingefaa, na jinsi ya kuchemsha chai, na namna vijiti vilivyopaswa kufungwa ingawa alivifunga mwenyewe. Karibu yote alikuwa anakosea. Yule wa mgongoni alikuwa anasikiliza kila neno, kwa kuwa kila shemeji aliponyamaza tu, yeye alihisi anazimia.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sisi tumepakana nta, ndugu zangu. Ukisalimiwa hapa mlangoni, "habari za nyumbani", jibu ni "nzuri", na nyumbani kunawaka moto. Ukimkosea mtu, anakwambia hamna neno, kumbe neno lipo, amelimeza. Tumekuwa laini sana. Tukigusana tunateleza. Na siku zote za baridi mambo yanashika vizuri tu, kila mtu anasifu. Je, siku ya uzito? Siku umefiwa, siku umelazwa, siku kijana wako amekamatwa, wangapi kati ya wale wasiokupinga uliwaona? Tazama nani alikuja siku hiyo. Mara nyingi ni yule mnayegombana naye, tena amekuja na ugomvi wake mkononi.

Msinishike vibaya. Anayekupiga hakusugui, huyo ana panga na anakata kamba. Huyo mkimbie, na ukija kwangu usiku au mchana nitakufungulia. Hapa nazungumzia mtu anayekukera kwa sababu hajakuacha.

Wiki hii baadhi yenu mlikuja kwangu, nyote wapole, mkakaa sebuleni mkanywa chai. Mkaniomba nimwondoe mtu mmoja kwenye baraza la wazee. Hamkusema ameiba, hamkusema amelewa. Mlisema analeta msuguano. Niliwaambia nitawajibu Jumapili. Jibu langu ni kwamba atakaa palepale alipo, na kikao kijacho nitamwomba yeye aanze kusema.

Na nyumba mbili tatu mmeniomba niwaombee Mungu awaondolee msuguano. Ombi hilo sitaliomba, mnisamehe. Nitawaombea mvumiliane nyuzi zenu zinazokwaruza, zishikane.

Lakini wewe mmoja hapo, unajijua. Kuna mtu uliyemwambia hutaki maneno kwenye kambi yako, akakunja blanketi lake akaenda. Nyumba imetulia na unakunywa chai unavyotaka. Shemeji wa mrina aligeuka mwenyewe kule mtoni akarudi. Wa kwako huenda ameshavuka. Tukimaliza hapa usiende kula kwanza. Mfuate, umwambie arudi alimalize lile neno.